Mtoto anayechelewa: kazi za nyumbani, na kiti unachoweza kumtengenezea mwenyewe

Mimi ni fundi seremala. Karakana ipo Keko, Dar es Salaam, na nyumbani ni Mbagala, nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja na choo cha kuchangia. Binti yetu ana miaka minne. Anakaa akiwa kwenye kiti chake, chini anajisogeza kwa makalio, na maneno yake yanayoeleweka ni machache, karibu yote ya chakula. Alichelewa kulia alipozaliwa, na hospitali hali hii wanaiita mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia na mwili hauutii vizuri. Wako wengine ambao ni njiti, wengine walipata manjano makali, homa ya uti wa mgongo au malaria kali, na wengine sababu haijulikani mpaka leo. Kwa kazi ya nyumbani, tofauti si kubwa sana.

Naandika kwa mzazi aliye mwanzoni, na zaidi kwa baba. Kwenye mabenchi ya mazoezi akina mama na mabibi wamejaa, sisi tunahesabika. Na jambo lenyewe ni hili: mtaalamu wa mazoezi anakaa na mtoto wako nusu saa, saa zote zilizobaki ni zenu. Kwa hiyo mazoezi yasiwe kipindi cha pekee cha kumtesa mtoto jioni mkiwa mmechoka. Yaingizeni kwenye kula, kuoga, kuvaa na kubebwa, mambo ambayo mngeyafanya hata hivyo.

Kwanza apimwe

"Atatembea tu, hata baba yake alichelewa." Maneno haya yamemaliza miaka ya watoto wengi. Ni kweli watoto hawalingani, lakini mipaka ipo. Mtoto ambaye miezi minne imefika na shingo haijakaza, miezi tisa na hakai bila kushikwa, mwaka na hageuki ukimwita jina, mwaka na nusu na hatembei, miaka miwili na haunganishi hata maneno mawili, mpeleke. Aliyekuwa anafanya jambo akaacha, kwa mfano alikuwa anasema "mama" na sasa hasemi, huyo usimsubirishe hata wiki.

Watu wengi mtoto akishamaliza chanjo za mwanzo wanaiweka kadi ya kliniki kabatini. Chanjo ya surua na rubela inatolewa akiwa na miezi 9 na tena 18. Siku hizo mbili zitumie. Usiishie kwenye mzani na sindano, mwambie nesi unachokiona kwa maneno ya kawaida: hakai, anakakamaa nikimwogesha, maziwa yanamtoka puani, hageuki redio ikilia. Omba apimwe masikio na macho kabla hajaitwa mzito wa akili, maana mtoto asiyesikia naye hasemi, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Mrekodi kwa simu. Mtoto akifika mbele ya koti jeupe analia tu, na daktari anaona mtoto anayelia. Video ya dakika moja akiwa anakula, na nyingine akijaribu kugeuka kitandani, zinamweleza daktari kuliko wewe utakavyoeleza ukiwa na wasiwasi na foleni nyuma yako.

Kutoka zahanati utaandikiwa rufaa. Dar es Salaam tunakwenda hospitali ya CCBRT kule Msasani au Muhimbili, Moshi kuna KCMC, Mwanza Bugando. Uliza pia hospitali ya mkoa wako kama ina mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huenda ipo karibu zaidi. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali, lakini nauli hakuna sera inayoilipa, na nauli ndiyo inayowakatisha watu. Kwa hiyo kila mnapokwenda msirudi na "njoo mwezi ujao" peke yake. Mwambie mtaalamu: "Nionyeshe mambo mawili ya kufanya nyumbani, kisha niangalie nikiyafanya mimi." Mambo mawili yanatosha. Ukipewa kumi utarudi nyumbani usifanye hata moja.

Nani kambemenda?

Mtoto akichelewa kutembea, majirani hawaulizi daktari kasema nini. Wanauliza nani kambemenda, baba au mama, yaani nani alitoka nje ya ndoa mtoto akiwa bado ananyonya. Nimeona ndoa zikivunjika kwa swali hilo, na anayeondoka karibu kila mara ni baba, na anayebaki na mtoto mgongoni ni mama. Baba mwenzangu, ubongo wa mtoto ulikosa hewa, au ulipata homa, au uliumbika hivyo tumboni. Hakuna mtu wa kumkamata. Mkeo ameshajilaumu vya kutosha bila msaada wako.

Waganga sitawapigia kelele, kila mtu ana imani yake. Ila pesa ina mwisho. Mimi nilipiga hesabu ya kuku mweusi, kaniki na nauli ya kwenda na kurudi Rufiji nikaona ni karatasi moja nzima ya plaiwudi na skrubu zake.

Kuhusu shimo la mchanga, hapo nina maoni tofauti na wengi. Wazee wa pwani humchimbia mtoto shimo wakamfukia miguu ili ipate nguvu. Mama mkwe alipokuja kututembelea alitaka tumpeleke binti ufukweni afukiwe mpaka kifuani, asimame humo mpaka jua lizame. Nikamwamkia, tukanywa chai, ndipo nikamwambia, "Mama, shimo sawa, ila tumkalishe, tusimfukie." Akanitazama. "Kukaa ndiyo dawa?" "Ndiyo, mama. Akikaa mikono inabaki huru."

Tukafanya hivyo. Shimo la kina cha kiunoni kwake, jembamba, mchanga umeshindiliwa nyuma kama egemeo na pembeni kushika nyonga, magoti yamekunjwa, mbele kikombe na kijiko cha kuchotea mchanga. Kivulini, mchanga usiwe wa moto, mtu mzima awe pale pale, na akichoka anatolewa. Kumsimamisha amefukiwa mpaka kifuani hapana: anashindwa kupumua vizuri, na miguu haijifunzi kitu ikiwa imebanwa. Bibi alifurahi, mtoto alifurahi, na pale ndipo nilipoona waziwazi kwamba mwili ukishikwa vizuri nyongani mikono inaanza kazi. Kilichobaki ni kuhamishia shimo lile nyumbani kwa mbao.

Kiti

Vya hospitali vipo na ni vizuri, ila bei inaumiza, na mtoto anakua. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza ukimpa vipimo sahihi. Tatizo la mafundi wenzangu ni kwamba wanakisia. Kiti cha mtoto huyu hakikisiwi.

Mpime amekaa kwenye kigoda, mama amemshika, magoti yamekunjwa kama kona ya meza na nyayo zimegusa chini. Kama hawezi, mlaze ubavu na umkunje hivyo hivyo. Chukua tepu:

Kutoka mgongoni, usawa wa makalio, mpaka nyuma ya goti. Toa vidole viwili. Hicho ndicho kina cha kikalio. Kikiwa kirefu atateleza mbele akae kwa mgongo.

Kutoka nyuma ya goti mpaka unyayo, akiwa na viatu kama huvaa. Huo ndio urefu kutoka kikalio mpaka ubao wa kukanyagia. Miguu isining'inie. Mtoto anayekakamaa akining'iniza miguu, mwili wote unanyooka na kurudi nyuma.

Upana wa nyonga, ongeza kidole kimoja kila upande.

Kutoka kikalio mpaka kiwiko, mkono umekunjwa. Hapo ndipo meza ya mbele inapokaa, au juu kidogo tu.

Kutoka kikalio mpaka kwapani kama shingo imekaza, au mpaka juu ya kichwa kama bado. Huo ndio urefu wa mgongo wa kiti.

Mgongo wa kiti usiwe bapa. Funga mbao mbili zikutane kwa guni, pembe mraba, kama kona ya chumba, na mtoto akae ndani ya kona hiyo. Hii ndiyo siri ya kiti chenyewe. Kona inayasukuma mabega mbele kidogo, mikono inakutana katikati, mtoto anaona vidole vyake mwenyewe. Binti yetu alikuwa na mkono wa kushoto uliobaki nyuma muda wote. Ndani ya kona ulikuja mbele wenyewe, akaushika kwa mkono wa kulia na kuanza kuulamba.

Tumia plaiwudi ya milimita 18. Usidanganywe na MDF, ile mbao ya unga uliogandishwa kwa gundi, kwa sababu ni laini na rahisi kukata: uji na mkojo vikiingia inavimba kama mkate na skrubu zinatoka. Funga kwa skrubu, si misumari, ili uweze kufungua na kubadilisha. Piga msasa kila kona mpaka upitishe kiganja bila kusita, kwa sababu mtoto huyu atajigonga. Mabaki ya sponji omba kwa fundi sofa, na leza ya kufunika pia, ile ngozi bandia ya masofa, Keko mabaki hayo yanatupwa kila siku. Leza inafutika. Kitambaa kitanuka ndani ya wiki.

Kati ya mapaja weka kigogo cha mviringo kilichozungushiwa sponji, karibu na magoti na mbali na kinena. Kazi yake ni kuitenganisha miguu isipishane kama mkasi, si kumzuia asiteleze. Cha kumzuia asiteleze ni mkanda, na mkanda unapita juu ya nyonga ukivuta chini na nyuma. Ukiufunga tumboni au kifuani atashuka, na mkanda utampandia shingoni. Hilo ni la hatari.

Ubao wa kukanyagia toboa mashimo ngazi ngazi pembeni, uushushe kadiri anavyokua. Meza ya mbele ikate nusu duara ili imzunguke, na uipigilie kingo ndogo pembeni vitu visidondoke kila dakika.

Asiye na pesa ya mbao anaweza kutengeneza kiti cha makaratasi. Ufundi huo umetumika miaka mingi Zimbabwe na sehemu nyingine za Afrika. Maboksi magumu yanabandikwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya uji wa unga, kisha vipande vya magazeti, yanakaushwa juani na kupakwa vanishi. Mimi kama seremala nilikuwa nacheka mpaka nikakalia kimoja. Kinahimili. Adui yake ni maji tu.

Kabla hujapaka vanishi, mpakie mtoto na kiti mkamwone mtaalamu wa mazoezi, arekebishe. Kisha kumbuka, kiti si pa kumhifadhia mtoto kutwa. Nusu saa au kidogo zaidi, wakati wa kula na kucheza, halafu anashuka: tumboni, ubavuni, mkekani. Ukimtoa angalia makalio na mgongo. Wekundu usiofutika baada ya muda mfupi maana yake kiti kinambana mahali.

Kula

Hapa ndipo watoto hawa wanapopotelea, na watu wanasema alikuwa na kifua. Uji unapita njia ya hewa, unaingia mapafuni, homa na kikohozi haviishi.

Alalaye chali halishwi. Kichwa kilichorudi nyuma hakilishwi. Mkalishe wima, kidevu kimeinama kidogo, na wewe ukae mbele yake usawa wa macho yake. Ukisimama atakutazama juu, na koo litafunguka vibaya. Ule mtindo wa kumlaza mapajani, kumziba pua na kumnywesha uji kwa kiganja, naomba ufe katika kizazi chetu.

Uji mwepesi kama maji ni mgumu kwake kuuzuia kinywani. Uufanye mzito, unaokaa kwenye kijiko. Viazi na maboga yaliyopondwa, ndizi, mchuzi wenye karanga au nazi ili apate nguvu kwa tonge chache. Kijiko kiwe kidogo, kisicho na kina, cha plastiki ngumu, kwa sababu akiking'ata cha chuma anaumiza meno. Kiweke katikati ya ulimi, gandamiza kidogo, subiri afunge midomo, ndipo ukitoe. Usikwangulie chakula kwenye meno ya juu. Subiri ameze kabla ya kijiko kingine. Akikohoa, acha akohoe, usimpe maji juu yake. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Mlo mmoja utachukua muda mrefu. Sisi tumegawana: asubuhi mimi kabla ya kwenda Keko, mchana mama yake, jioni yeyote mwenye uvumilivu siku hiyo.

Anayekohoa kila mlo, sauti yake ikawa na maji maji baada ya kumeza, au uzito hauongezeki kwenye kadi, hilo ni la hospitali.

Kubeba, kuvaa, kuongea

Mtoto anayekakamaa usimnyanyue akiwa amenyooka. Mgeuze ubavu, mkunje nyonga na magoti, ndipo umnyanyue. Mbeleko yetu ni nzuri kwake: miguu inatawanyika kwenye kiuno chako na mwili unalegea.

Kuvaa, mkono mgumu unatangulia. Kuvua, unafuata mwisho. Ukimvisha sema kwa sauti, neno moja moja: mkono, kichwa, mguu. Kisha nyamaza. Kimya hicho ndicho kigumu kwa watu wazima. Hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujamjibia mwenyewe, kwa kuwa maneno yanamchukua muda kufika. Mwonyeshe vitu viwili, kikombe na ndizi, mbali mbali, umuulize anataka kipi. Akitazama ndizi, ameshajibu. Mpe. Sisi tulianza na macho, yakafuata mkono, na neno la kwanza kueleweka likawa "ndii".

Mpe kazi. Awe jikoni na wenzake, apewe mwiko agonge sufuria, ashike kisamvu, achovye mikono kwenye besheni. Kuchambua mchele na maharage ni zoezi zuri la vidole, ila ukiwa umekaa naye, kwani punje zinaingia mdomoni haraka.

Degedege

Watoto wengi wa namna hii wanapata kifafa. Akianza, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumgonga, legeza nguo za shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji, usimshike kwa nguvu. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla hajazinduka, ni bodaboda na hospitali. Ameandikiwa dawa, basi isikatike ghafla hata kama amekaa muda mrefu bila kuanguka. Kuikata kwa siku moja kunaweza kuleta degedege baya kuliko la mwanzo. Nunua kabla chupa haijaisha.

Wengine nyumbani, na shule

Kaka yake yuko darasa la tatu. Watoto wasio na tatizo katika nyumba hizi hugeuzwa yaya kimya kimya. Tumeweka wazi kwamba kumlisha dada si kazi yake. Kucheza naye ni hiari, na Jumamosi jioni ni yake na mimi, mpira au kutembea tu. Ajabu ni kwamba ndiye aliyemfundisha kupiga makofi.

Majirani wa uwanja mmoja waeleze mara moja, kwa kifupi, mbele ya mtoto: "Mwili wake unachelewa, anasikia na anaelewa, mwite kwa jina." Watoto wao watakuwa wa kwanza kuzoea. Watu wazima wachukue muda wao.

Kuhusu shule, anza kuuliza kabla hajafika miaka mitano. Zipo shule za msingi za serikali zenye vitengo vya elimu maalumu, na nyingine zinazochanganya watoto wote, kama Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam. Mwalimu mkuu akikuambia hatuchukui watoto wa hivi, usigombane naye mlangoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, kwa hiyo nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri na barua ya hospitali na kadi ya kliniki, uombe akuelekeze shule kwa maandishi.

Ukipata nafasi, nenda ukakague shule mwenyewe kabla ya siku ya kwanza. Tazama choo: mlango unapitisha mtu aliyebeba mtoto? Kuna mahali pa kushika? Hesabu ngazi za darasani. Ngazi mbili ni mteremko wa mbao wa mchana mmoja, na mwalimu mkuu hukubali haraka anaposikia fundi analeta mbao zake. Kiti tengeneza cha pili kibaki shuleni, kwa sababu kukibeba kila asubuhi kwenye daladala haiwezekani. Nyuma ya kiti, kwa rangi isiyofutika, andika mambo ya kumkumbusha mwalimu mgeni: mkanda unafungwa nyongani, uji mzito, baada ya kula abaki wima, ukimuuliza msubiri.

Changu cha shule bado kipo karakana, hakijapigwa msasa. Nangoja vipimo vya Januari, maana miguu yake inakua haraka kuliko nilivyotegemea.